Kompyuta za stesheni: niweke deskitopu nzito yenye kila kitu au nyepesi? (Uzi mrefu kidogo)

Mzee wa Rimu (mtoa mada)

Wakuu, salaam.

Nina stesheni Mbagala Rangi Tatu, mwaka wa sita sasa. Kazi ni zile zile mnazozijua: kopi, kuprinti, kuskani, laminesheni, kuchapa barua, picha za pasipoti, na msimu ukifika, maombi ya mkopo wa chuo na ya ajira. Mashine ninazo tatu, zote mtumba. Ya kaunta ni laptopu Dell Latitude E6430, i5 ya kizazi cha tatu, RAM 4GB, diski ile ya kuzunguka. Yangu mwenyewe ni HP EliteBook 840 G1, RAM 8GB, ina SSD, ile diski isiyozunguka. Ya tatu ni kompyuta ya mezani ya Core 2 Duo, RAM 2GB, nimeirithi kwa shemeji alipofunga ofisi. Ipo pembeni, mteja anayejua kuchapa anakaa anajichapia.

Zote zilikuwa Windows 10. Windows 10 imeachwa kuhudumiwa tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na hakuna hata moja kati ya hizi inayokubalika Windows 11 kihalali, maana inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu na kile kichipu cha usalama cha TPM 2.0. Ila nisiwadanganye, kilichonichosha ni flashi. Mteja anachomeka, folda zake zote zinageuka njia mkato, halafu ananiangalia mimi kama ndiye niliyemfutia ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo. Ilipotokea mara ya tatu mwezi mmoja nikasema basi, nahamia Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows.

Juzi nimeijaribu Linux Mint, moja ya matoleo ya Linux, kwa flashi kwenye ile Dell. Nikakutana na njia panda, nichague deskitopu, yaani sura ya kompyuta: Cinnamon, MATE, Xfce. Kijana mmoja ananiambia "weka KDE mzee, humo kila kitu kipo". Mwingine anasema kwa RAM hiyo nisithubutu, niweke Xfce au LXQt. Mimi kwenye Windows sikuwahi kuulizwa nataka sura gani. Unapigiwa window, unalipa, unaondoka.

Sasa swali: tofauti ni sura tu au kuna kazi itanishinda mbele ya safari? Binti wa kaunta ameizoea Windows, mambo ya kuandika amri hataki hata kuyasikia. Na printa yangu ni Epson L3110. Sitaki nifike mahali niambiwe printa haionekani kwa sababu nilichagua deskitopu nyepesi.

Naomba kuwasilisha. Wa kunicheka apite kushoto.

Mtoto wa Tandika

Mzee unajitesa. Kuna Windows 10 zilizochongwa na wajanja, wametoa takataka zote, inapaa hata kwenye 2GB na Word unayo. Linux ni ya watu wasio na wateja.

Kipanga wa Keko

Mtoto wa Tandika, window iliyochongwa na mtu usiyemjua, halafu juu yake watu wanaandika namba za NIDA na nywila zao za maombi ya mkopo? Kwenye stesheni? Siku zikianza kuvuja utakuja kumsaidia mzee kujieleza?

Mtoa mada, nianze na printa, maana naona ndiyo inayokunyima usingizi. Hicho unachokiita sura ni mkusanyiko wa programu: inayochora madirisha, ule ukanda wa chini, menyu, programu ya kufungulia mafolda, sehemu ya mipangilio, na vijibwana vidogo vinavyofanya kazi kimya kimya, kimoja kinaangalia betri, kingine kinasubiri flashi ichomekwe. Printa haimo humo. Printa ipo chini kabisa, kwenye kitu kinaitwa CUPS kinachoshughulikia kuprinti, na L3110 inaendeshwa na driva ya escpr. Driva hiyo haina habari kama juu umeweka Xfce au KDE. Wewe ukihamisha stesheni kutoka fremu hii kwenda ile ya jirani, mashine ya kopi inabadilika? Kwa upande wa skana, ikigoma, Epson wenyewe wana programu ya Linux inaitwa Epson Scan 2, iweke hiyo.

Na huu ubishi usikutishe, ni wa zamani kuliko stesheni yako. KDE ilianzishwa 1996 na Mjerumani Matthias Ettrich. Mwaka huo huo Olivier Fourdan akaanza Xfce. GNOME ikafuata 1997 kwa sababu kuna watu hawakuridhika na leseni ya Qt, vifaa ambavyo KDE ilijengewa. Mwaka 2011 GNOME ikaja na toleo la 3, ikabadilisha kila kitu, watu wakanuna. MATE na Cinnamon zimezaliwa kwenye ule mnuno. Hata Linus Torvalds, mwenye Linux yake, alihamia Xfce kwa hasira, akaja kurudi GNOME baadaye. Kama yeye alihama na kurudi, wewe ukikosea ni jambo la kawaida.

Jibu fupi: Dell weka Mint ya Xfce. HP weka unachopenda. Ile ya mezani tuizungumze taratibu.

Mlimani Usiku

Kipanga umesema vizuri ila hii ya "KDE nzito" mnaiimba tu bila kupima. Ni sifa mbaya ya toleo la 4.0 la mwaka 2008 ndiyo bado inaifuata. Mimi nasoma, natumia laptopu ya 8GB, Plasma 6, yaani deskitopu ya KDE ya sasa. Nikiwasha bila kufungua kitu inakula kama 1.2GB. Cinnamon ya rafiki yangu chumba kimoja inakula karibu hivyo hivyo. Uzito wake ukiutafuta vizuri ni Baloo, ile inayopitia mafaili yako yote ili uweze kuyatafuta kwa neno. Kwenye diski ya kuzunguka inaweza kukutesa asubuhi nzima. Ukiizima kwenye mipangilio na ukapunguza mbwembwe za madirisha, unabaki na mashine tulivu.

Na mzee unakosa kitu kinaitwa KDE Connect. Simu na kompyuta vikiwa waifai moja, mteja, samahani, wewe mwenyewe unatuma faili kutoka kwenye simu linaangukia kwenye kompyuta. Hakuna waya wala kujitumia kwenye WhatsApp.

Bi Kaunta

Nimecheka hapo kwenye "samahani". Mteja gani wa stesheni atakubali kuunganisha simu yake na kompyuta ya mtu?

Mimi siyo fundi, mimi ndiye yule binti wa kaunta wa stesheni nyingine, sisi tuko karibu na chuo. Bosi wetu alituwekea KDE mwaka jana, nzuri kweli, inang'aa. Siku moja mteja anataka kubandika barua pepe yake kwenye fomu, akabonyeza kile kialama cha mkasi na karatasi pale chini kulia. Ikafunguka orodha ya kila kitu kilichokopiwa tangu jana. Namba za simu, barua za watu, na nywila mbili za watu tofauti, zimekaa pale wazi kama vitumbua kwenye sinia. Nilitetemeka. Kumbe ndiyo kazi yake, inakumbuka ulichokopi ili usikopi tena. Nyumbani ni msaada. Kaunta ni balaa.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaposema "yenye kila kitu", muulize hicho kila kitu kinamkumbuka nani.

Kipanga wa Keko

Dada Bi Kaunta, hiyo pointi ndiyo uzi wenyewe. Hicho kinaitwa Klipper, kinazimika, ila ni nani anakumbuka kukizima siku ya kwanza?

Na hapo kuna jambo ambalo mtoa mada hakuuliza lakini ndilo linalomhusu kuliko RAM. Mint, iwe Cinnamon, MATE au Xfce, inaingilia kupitia LightDM, programu ya lile dirisha la kuingilia. Kwenye mipangilio ya dirisha la kuingilia kuna sehemu ya kuruhusu wageni. Haijawashwa, unaiwasha mwenyewe. Mteja anaingia kama mgeni bila nywila, anachapa, anaingia WhatsApp, anaprinti, akitoka kila alichoacha kinafutika. Kivinjari kinarudi kitupu. Distro (matoleo ya Linux) nyingi za KDE zinatumia SDDM, programu nyingine ya kuingilia, na Lubuntu yenye LXQt nayo hivyo hivyo, na SDDM haina mlango huo wa wageni.

Chuma Chakavu

Nimesoma yote nikawa nasubiri nani ataigusa. Hakuna. Mashine ya kaunta ina diski ya kuzunguka na mnabishana rangi ya pazia!

Mimi nafungua hizi E6430 kila wiki. Zina nafasi mbili za RAM, DDR3 za laptopu, inafika hadi 16GB. Nunua kijiti kimoja cha 4GB ulingane na kilichomo, na SSD ya 120 au 240. RAM ya mtumba ya aina hiyo haifiki hata bei ya boksi moja la rimu, mzee unaiuza karatasi halafu unaogopa kununua kijiti. Angalia usiuziwe DDR4, pengo la katikati haliko sehemu moja, haiingii hata ukiisukuma na goti. Na ukiwa umeifungua, puliza vumbi kwenye feni, mashine za Dar zina vumbi na chumvi, prosesa ikichemka inajipunguza mwendo yenyewe halafu mnasema Cinnamon nzito.

Ukishaweka SSD njoo utuambie kama bado una swali.

Mtoto wa Tandika

Na Word je? Mbona mnaruka hapo. Mteja anakuja na proposo yake ya kurasa 60, LibreOffice inamvuruga jedwali la yaliyomo, analipa nani?

Mlimani Usiku

Hapo una hoja nusu. Mvurugano mwingi ni fonti. Times New Roman isipokuwepo, LibreOffice inaweka Liberation Serif ambayo upana wa herufi zake umelinganishwa na ile, kwa hiyo kurasa hazihami sana. Calibri inabadilishwa na Carlito, Cambria na Caladea. Ukitaka Times yenyewe kuna kifurushi kinaitwa ttf-mscorefonts-installer. Lakini mwambie mteja alete PDF kama hana cha kurekebisha. Jedwali lililotengenezwa kwa kubonyeza nukta nukta hadi mwisho wa mstari hata Word nyingine inalivuruga, nimeshuhudia.

Mzee wa Rimu (mtoa mada)

Wakuu nimerudi, wiki ya pili sasa. Nisameheni ukimya, dirisha la maombi lilikuwa linakaribia kufungwa na foleni ilifika kwa muuza chipsi.

Chuma Chakavu, nimekusikia. Jumamosi asubuhi nilipanda mwendokasi hadi Kariakoo, nikarudi na kijiti na SSD. Lakini kabla sijafungua Dell nikafanya ubishi wangu mwenyewe, nikapima kwanza na 4GB zile zile, diski ile ile. Naandika `free -h`, amri ya kuonyesha RAM iliyotumika, baada ya kuwasha, kabla ya kufungua chochote. Cinnamon ilikula 1.1GB na kitu. Xfce ikala kama 800MB. Nikasema aha, vijana wana haki, nimeokoa 300.

Halafu nikafungua Firefox. WhatsApp ya mteja, tovuti ya maombi, barua pepe, na PDF mbili. Kwenye zote mbili nikajikuta nimevuka 2.5GB na diski imeanza kulalamika. Zile 300 zote zimekwisha kwa WhatsApp peke yake! Hapo ndipo nikaelewa kwamba nilikuwa namlaumu mpiga debe kwa ubovu wa daladala. Deskitopu nyepesi haiifanyi Firefox iwe nyepesi. Inakusogezea tu kidogo ile siku ya kuganda.

Nikaweka kijiti, 8GB. Nikaweka SSD. Kuwasha ilikuwa naanza kuiwasha ndipo nakwenda kufungua mlango na kufagia, sasa hata ufagio sijaushika imeshafika. Kwa 8GB nikajaribu tena Cinnamon na Xfce, na mkono wangu haukuona tofauti ya maana.

Sasa mtauliza kaunta niliweka ipi. Niliweka Xfce, na sababu haikuwa RAM tena. Nimegundua hawa watu hawana haraka: toleo la 4.18 lilitoka Desemba 2022, la 4.20 likatoka Desemba 2024. Binti akishazoea kitufe kiko wapi leo, miaka miwili hakijahama. Wageni nimewasha kama Kipanga alivyosema. Wiki ya kwanza mteja mmoja aliacha akaunti yake ya ajira wazi akaondoka mbio kuwahi gari, binti akabonyeza kutoka, ikafutika. Nilifurahi kama nimeuza boksi kumi.

Lakini msije mkadhani nyepesi haina makucha. Mambo mawili yalitaka kunirudisha. Kwanza, kingo za madirisha ni nyembamba kama uzi wa buibui. Binti alikuwa anahangaika kukamata pembe ya dirisha alikuze, mausi inateleza, hasira. Mpaka nilipojua ukishika Alt ukaburuta kwa kitufe cha kulia cha mausi, unalikuza dirisha ukiwa popote ndani yake. Sasa anaona yale ya Windows ndiyo ya kizamani.

La pili lilitaka kuniletea kesi. Mama mmoja, mtu mzima, anakopi picha za harusi ya mwanawe kwenye flashi. Ule mstari wa kukopi ukafika mwisho, akachomoa. Nyumbani nusu ya picha hazifunguki. Karudi, shikamoo mama, nikajua leo ninalo. Kumbe Linux inaandika kwanza kwenye RAM, inasema imemaliza, halafu inamimina kwenye flashi taratibu, na flashi zetu hizi za bei chee ndiyo polepole kabisa. Lazima ubonyeze kuitoa usubiri ikuambie tayari. Bahati picha bado zilikuwa kwenye simu yake. Sasa nimebandika karatasi ukutani kwa herufi kubwa, USICHOMOE FLASHI MPAKA UAMBIWE, na nimeilaminisha.

Kipanga wa Keko

Hilo la flashi lipo kwenye deskitopu zote mzee, KDE au GNOME ni yale yale. Usiwaonee Xfce.

Ile ya mezani uliifanyaje?

Mzee wa Rimu (mtoa mada)

Ile imenifundisha adabu. Mint wanasema 2GB inatosha, na kweli iliwaka, lakini kuwaka siyo kutembea. Nikajaribu na GNOME kwa ubishi tu, kadi yake ya picha ya zamani ikawa inasukumia kazi yote kwa prosesa, nikisogeza dirisha linanifuata nyuma kama mtoto aliyechoka. Nikaishia kwenye Debian, Linux nyingine, yenye LXQt. Ikakaa kwenye 450MB hivi. Hapo ndipo nilipoona wepesi una maana, maana kwa 2GB kila MB mia ni chumba cha kulala.

Nimewasha na zram, inabana vitu ndani ya RAM badala ya kukimbilia diski. Imesaidia. Lakini kivinjari nimekitoa kabisa kwenye menyu. Ile ni ya LibreOffice na kuskani, basi. Anayetaka intaneti anasubiri zamu ya Dell. Nilikuwa na hofu watalalamika, lakini wanaochapa barua za kuomba kazi wanapenda kukaa pale, hawasumbuliwi.

Chuma Chakavu

Hiyo ya mezani nayo inachukua 4GB, niangalizie namba ya bodi nikutafutie. Na kwa wengine wanaosoma: mashine za bit 32 kabisa, zile za kabla ya hapo, msizihangaikie sana. Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha mashine hizo. Mint ya sasa wala Ubuntu hazina pia.

Mlimani Usiku

Na HP yako mzee? Hujasema.

Mzee wa Rimu (mtoa mada)

Nilitaka mnisahau hapo. Nimeweka KDE. Usicheke. Natumia peke yangu, naenda nayo nyumbani, hakuna mgeni anayeigusa. Klipper ninaipenda kweli, namba ya kumbukumbu ya malipo naikopi mara moja inakaa. Madirisha mawili ya mafolda bega kwa bega, kushoto za wateja kulia za kwangu. Wajukuu wameona ule mwonekano wakaniuliza nimenunua kompyuta mpya lini.

Bi Kaunta

Hongera mzee wangu. Sasa mimi nataka Mint ya Xfce kwa kaunta yetu, bosi amekubali akisoma uzi huu. Shida ni bando, faili lake ni karibu GB 3 na intaneti ya ofisi inaishiwa kila Jumatano. Nije Rangi Tatu na flashi?

Mzee wa Rimu (mtoa mada)

Njoo mwanangu. Beba ya GB 8, na uhamishe vitu vyako kabisa kwanza maana itafutwa yote. Shuka stendi, uliza stesheni yenye karatasi la flashi ukutani. Uje kabla ya saa nne asubuhi, baada ya hapo foleni. Na usiichomoe mpaka nikuambie.